Daftari Linasema Shwari

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa barazani, mguu juu ya kigoda, ukiwafokea kuku wa jirani. Sisi huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua ila mdomo ni mzima. Anasema nikuulize kama mlango wa jikoni umeutengeneza au bado unaufunga kwa kamba. Mwanangu ameng'oka jino la mbele, sasa kila neno lake linatoka na upepo. Ningekupigia simu, lakini najua simu kwako ni mluzi tu, masikio uliyaacha machimboni. Basi acha niandike.

Jambo lenyewe ni hili: wamenipa kiwanda. Meneja wetu, yule tuliyemwita Radi, amehamishwa. Mkurugenzi akaniita mimi, karani wa mauzo wa miaka sita, akasema kuanzia Jumatatu kiti ni changu. Kiwanda kizima cha barafu, mjomba! Watu arobaini na wawili, mitambo mitatu, na mafundi walioshika spana kabla mimi sijajua kutambaa. Nilitoka ofisini kwake nikicheka. Nilipofika chooni nikajifungia, nikakaa humo mpaka mtu akabisha hodi.

Mkurugenzi aliniachia neno moja: "Wakikuzoea, umekwisha." Wewe uliongoza machimbo ya mawe miaka kumi na tisa, na mama anasema hata mawe yalikuwa yakikuamkia. Nifundishe. Na kuna kitu sijawahi kukuuliza: kwa nini uliacha kazi mapema vile, nawe ulikuwa bado na nguvu zako?

Mpwa wako.


19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako niliisoma mara tatu, na ya tatu niliisoma kwa sauti ili jirani asikie. Hapa ni wazima. Mwambie dada yangu kwamba mlango wangu wa jikoni haujamwomba chochote.

Sasa sikiliza. Usicheke nao. Usile nao. Anayechelewa mzuie getini, wenzake wamwone. Anayekuletea tatizo, muulize kwanza alikuwa wapi mpaka likawa tatizo. Fanya hivyo mara mbili tu, utaona matatizo yanavyopungua. Mimi kwangu yalipungua mpaka yakaisha kabisa, nilikuwa napita machimboni asubuhi, kila mtu "shwari, bosi, shwari." Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe ni mwanamke, watakupima zaidi. Wakikupima, wakute chuma.

Kazi niliacha kwa sababu ya masikio. Hilo liishie hapo.

Mjomba wako.


23 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sote hatujambo, ila mama ameanza kutembea na fimbo na hataki mtu aiite fimbo. Anasema ni mti wa kushikilia.

Dawa yako inafanya kazi. Wiki ya kwanza niliwazuia wachelewaji saba getini. Wiki ya pili hakuchelewa mtu. Kisha akanijia fundi mkuu wa mitambo, mzee mmoja mtulivu wanayemwita Mzee Nati. Alinikuta ukumbini mbele ya watu, akavua kofia, akasema bomba la mtambo namba mbili "linalia," anaomba tuuzime siku mbili alitazame. Siku mbili, katikati ya msimu wa joto! Nikakumbuka maneno yako. Nikamuuliza, "Ulikuwa wapi mpaka likaanza kulia? Au umezeeka, unasikia mambo ambayo hayapo?" Watu wakacheka. Yeye akavaa kofia yake, akasema, "Sawa, bosi," akaondoka.

Tangu siku hiyo ni kimya. Daftari la zamu, wanaloandikia hali ya mitambo kila asubuhi, linasema shwari. Jana shwari, juzi shwari, kila ukurasa shwari. Mkurugenzi amenisifu.

Kuna kitu kidogo tu. Nikiingia ukumbi wa kufungashia, maneno yanakatika kama redio iliyoishiwa betri. Na wale akina mama wanaofungasha mabonge siku hizi wanavaa vitambaa shingoni, wote. Nilimuuliza mmoja ni vya nini. Akasema, "Mafua, bosi." Wote kumi na wanne wana mafua? Nikaacha. Nadhani ni ule ubaridi.

Mpwa wako.


5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako aushikilie huo mti wake vizuri.

Nakuuliza swali moja, unijibu siku hiyohiyo utakayopata barua hii: vile vitambaa vilikuwa vikavu, au vilikuwa vimelowa maji?

Mjomba wako.


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo, sina habari zaidi.

Vimelowa.

Barua yako niliipata jana mchana, nikashuka ukumbini nikijifanya nahesabu mifuko. Nikamgusa begani yule mama aliyeniambia mafua. Kitambaa kilikuwa maji matupu, na karibu yake ipo ndoo, na kwenye ndoo vipo vitambaa vingine vinasubiri. Hapo nikaelewa.

Wewe pengine hujui barafu yetu inavyotengenezwa. Ndani ya mabomba inazunguka gesi ya amonia. Ikiwa ndani inatufanyia kazi. Ikitoka kidogo inanuka kama mkojo uliochacha, inawasha macho, na kitambaa cha maji kinasaidia maana maji yanainywa. Ikitoka nyingi kwa mkupuo, mtu anapumua mara mbili tu na mlango hauoni. Mimi ofisi yangu iko mbele, dirisha linatazama barabara. Sikuwahi kunusa kitu. Wao wamekuwa wakiinusa tangu Machi.

Nilikwenda chumba cha mitambo. Machozi yalinitoka kabla sijafika namba mbili. Mafundi wanne wamesimama pale, macho mekundu kama wamekula pilipili. Nikauliza, "Kuna nini hapa?" Wakasema, "Hakuna kitu, bosi." Mzee Nati nilimuuliza peke yake. Akaniangalia kwa adabu kabisa, akasema, "Daftari linasema shwari, bosi."

Nikampigia mkurugenzi, nikamwomba tuzime. Akasema, "Wauza samaki wamepanga foleni, wewe unataka kuzima? Matengenezo ni Agosti. Daftari linasemaje?" Nikashindwa kudanganya. Nikasema linasema shwari. "Basi," akakata simu.

Naogopa, mjomba. Namwogopa mkurugenzi, nawaogopa wafanyakazi wangu mwenyewe, na kila nikisikia mlango umebamizwa naruka. Ulijuaje kuhusu vitambaa? Ni nini kilitokea machimboni? Nilimuuliza mama jana. Akachukua mti wake akatoka nje, akasimama uani mpaka chai ikapoa.

Niambie la kufanya.

Mpwa wako.


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Siku kumi na tisa sijapata neno lako. Nimeuliza posta mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Kama unaumwa, mtu aniandikie. Kama huumwi, basi kimya chako kinanitisha kuliko maneno yoyote ambayo ungeyaandika. Kimya kingi kina mshindo, wewe ndiye uliyenifundisha.

Acha nikwambie nilichofanya, maana kukaa nimeshindwa. Nilivaa buti na aproni, nikaenda kufungasha barafu na akina mama. Siku ya kwanza hakuna aliyesema neno. Walidhani nimekuja kuwachunga. Siku ya pili nilianza kukohoa kama wao. Siku ya tatu yule jirani yangu mezani, wanayemwita Mama Pacha, alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua, akanifunga shingoni bila kuniangalia. Nikamwambia pole pole, "Dada, mimi naogopa lile bomba." Akaendelea kufungasha. Kisha akasema, "Sisi tulishamaliza kuogopa. Tumejipanga."

Nikauliza wamejipangaje.

Mjomba, wana mpango. Fundi atakayeona mambo yameharibika atagonga bomba la maji mara tatu. Akina mama watatoka kwa dirisha la kaskazini, vijana wa stoo watawavuta. Nani anamshika mkono nani, nani anambeba mama mjamzito, wote wanajua. Wamefanya mazoezi mara mbili, mchana kweupe, mimi nikiwa ofisini nasaini karatasi. Nikauliza kwa nini dirisha, na mlango wa nyuma upo. Akasema, "Una kufuli tangu enzi za Radi. Ufunguo unao wewe."

Nikauliza, "Na mimi? Mimi ningejuaje?"

Alikuwa anaona haya, si kwamba alikuwa na chuki. Akasema, "Wewe, bosi, hatukukupangia mtu."

Nilikwenda ofisini nikatoa kishada cha funguo. Ule ufunguo ulikuwepo, wa tatu kutoka mwisho, nimetembea nao miezi mitatu. Kufuli nimeitoa, nimeitupa pipani. Lakini bomba liko palepale, na sijui hatua inayofuata. Mzee Nati bado ananijibu kwa adabu. Heri angenitukana.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Mpwa wako.


11 Mei

Mpwa wangu, mwanangu,

Siumwi. Barua yako ya Aprili imekaa mezani kwangu chini ya kikombe. Kila siku niliketi kuijibu nikainuka. Leo siinuki.

Machimboni tulikuwa tunachoronga matundu kwenye mwamba, mlipuaji anayajaza baruti, tunakaa mbali, tunahesabu milio. Matundu tisa, milio tisa. Ikisikika minane, baruti moja imelala ndani, na hakuna anayesogea mpaka itafutwe. Mlipuaji wetu alikuwa mtu makini sana. Alikuwa na tabia ya kusubiri na kuhesabu mara mbili, na mimi nilikuwa na haraka zangu. Siku moja nilimtukana mbele ya wenzake kwa kuchelewesha kazi. Nilimwita bibi harusi. Watu wakacheka, kama walivyocheka wa kwako.

Asubuhi yake alilipua. Nikamuuliza, "Ngapi?" Alinyamaza kidogo. Niliona amenyamaza, mwanangu. Niliona. Nikasema, "Ngapi, bibi harusi?" Akasema, "Tisa, bosi." Nikawaingiza wachorongaji watatu. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua thelathini, ndiyo maana nilipoteza masikio tu.

Wale watatu walivaa vitambaa vya maji puani kwa vumbi, wiki nzima kabla ya hapo, kwa sababu pampu ya kunyunyizia maji ilikuwa imeharibika na hakuna aliyethubutu kuniambia. Nilivikuta juu ya mawe, bado vimelowa. Ndiyo maana nilikuuliza.

Jioni ile nilimshika mlipuaji ukosi. Nikampigia kelele, nisiyesikia hata sauti yangu, kwa nini hukusema? Alikuwa analia. Nilisoma midomo yake. Alisema, "Nilikuogopa wewe kuliko baruti."

Nyumbani nilisema ni ajali, ni siku zao zilifika. Mama yako alijua si hivyo, maana nililala kwake miezi miwili na usingizi una maneno. Hajawahi kunitolea siri. Nawe ulipopata cheo nikakupa sumu ileile kwa kijiko kilekile, kwa sababu kukwambia vingine kungekuwa kukiri.

Yafute niliyokuandikia Februari. Nenda kwa huyo Mzee Nati. Ulimwaibisha mbele za watu, basi usimwombe radhi pembeni. Mwombe palepale, mbele ya walewale. Usimuulize kama kuna tatizo, muulize yeye anaogopa nini. Kisha nyamaza. Atakachosema kifanye, hata kikikugharimu kiti. Kiti ni mbao.

Naituma kwa dereva wa basi, posta siiamini. Fanya haraka.

Mjomba wako.


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Niko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua unaisoma barua hii ukiwa umesimama. Mama naye mzima, nilimsomea barua yako yote, akasema, "Afadhali."

Barua yako ilifika tarehe 17. Mambo yalitokea tarehe 14.

Asubuhi ile zamu zote mbili zilikuwa getini, moja inatoka, nyingine inaingia. Nilipanda juu ya kreti kwa sababu nilijua nikibaki chini nitakimbia. Nikamwita Mzee Nati. Nikasema, "Mzee wangu, Machi nilikudharau mbele ya hawa. Ulikuwa unatuokoa, nami nikakufanyia mzaha. Nisamehe." Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Hakuna aliyecheka.

Yeye alitazama buti zake. Akasema, "Sitaki pole, bosi. Nataka namba mbili isimame leo. Kiungo cha bomba kimekonda, sikio langu linaniambia hakifiki kesho kutwa."

Nikampigia mkurugenzi palepale, watu wananitazama. Nikamwambia nazima. Akasema, "Ukizima mtambo, jizime na wewe." Nikamwambia sawa. Mama Pacha akaipokea simu mkononi mwangu.

Tuliuzima. Watu wote niliwatoa mpaka uwanja wa juu, upande upepo unakotoka. Lakini gesi ilikuwa bado imo bombani, na lazima mtu aingie afunge valvu mbili, moja kila upande wa kiungo kile. Barakoa nzima ilikuwa moja, ya pua na mdomo tu. Mzee Nati akaivaa. Nilitaka kumkataza, ana wajukuu, na mimi ndiye niliyemchelewesha miezi miwili. Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema, "Sana." Nikamwambia hata mimi. Akasema, "Basi shika mpira wa maji usimame mlangoni. Ukiona moshi mweupe, nimwagie mimi, usimwagie ukuta."

Alifunga valvu ya kwanza. Nilimwona akiifikia ya pili, akaizungusha mara moja, mara mbili, ikafunga. Halafu kiungo kikaachia. Mjomba, sikusikia mlipuko, ni kama mtu mkubwa mno kavuta pumzi. Chumba kikawa cheupe chote. Sikumwona tena. Nilimwaga maji pale nilipomwona mara ya mwisho, macho nimefumba, kifua kinawaka, nikimwita. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha kitu kikanigonga mguuni, nikainama, ulikuwa mkono wake. Alikuwa anatambaa akifuata maji. Mama Pacha na fundi mmoja wakatukokota wote wawili.

Jicho lake la kushoto limeungua. Daktari anasema litaona mwanga, sura za watu hapana. Ni jicho ambalo lingekuwa zima kama ningemsikiliza Machi, na hilo hakuna wa kunisaidia kulibeba. Ila bomba lilitoa gesi ya kipande kimoja tu, cha kati ya valvu mbili. Mtambo ungekuwa unafanya kazi, na watu ndani, ningekuwa nakuandikia barua nyingine, au nisingekuandikia.

Mkurugenzi alinisimamisha siku hiyohiyo. Wakaja wakaguzi wa usalama, wakakata kile kiungo, wakakuta chuma kimekonda kama karatasi. Tarehe 30 kikao cha bodi ya kiwanda kikanirudisha kazini, pamoja na barua ya onyo kwa kutotii amri. Nimeisaini.

Namba mbili bado imelala, inasubiri bomba jipya. Daftari sasa linajaa. Jana peke yake lilikuwa na kurasa tatu za kasoro, za kweli na za kubuni, wengine wananipima kuona kama nitapiga kelele. Kila asubuhi natamani nisilifungue. Lakini nalifungua.

Naomba nikuulize la mwisho, nawe usikae nalo chini ya kikombe. Yule mlipuaji yuko wapi? Uliwahi kuonana naye tena?

Mpwa wako.


21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mshukuru Mungu kwa ajili yangu pia, mimi nimeshamshukuru kwa ajili yako. Jirani amenisomea barua yako tena, nami nikifuata midomo yake, ili nihakikishe macho hayanidanganyi. Mpe Mzee Nati mkono wangu.

Swali lako sikukaa nalo. Kuuliza kulinichukua siku nne, safari siku nzima. Anaishi kando ya barabara kuu, anatengeneza viatu. Nimeogopa mambo machache maishani, lakini nilipita mbele ya kibanda chake mara mbili kama mwizi, nikijifanya natafuta anwani. Mkewe ndiye aliyeniita ndani, akidhani nina kiatu kibovu.

Alinitambua papo hapo. Ana mvi kuliko mimi. Mwanangu, alisimama. Miaka kumi na moja, kwake mwenyewe, kiatu cha mtu mkononi, na alisimama wima mikono ubavuni kana kwamba nakagua zamu. Nikamwambia kaa. Hakukaa. Nikamwambia, "Tafadhali, kaa, mimi si bosi wako." Midomo ikasema, "Ndiyo, bosi."

Nikaona nikiendelea kusimama atasimama mpaka jua lizame. Basi nikashuka, na goti langu hili, nikakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya ngozi, nikawa namtazama kutokea chini. Nikamwambia, "Ulihesabu minane. Niliona kwenye uso wako kwamba ulihesabu minane, nikakulazimisha useme tisa. Wale watatu ni wangu. Si wako." Nikayasema tena kwa nguvu, maana sikujua kama sauti imetoka.

Aliangalia mlango, akaangalia kiatu, na mabega yakaanza kumtetemeka. Mkewe akatoka chumba cha ndani na kiti, akakiweka nyuma ya magoti ya mumewe, akamshika begani, akamkandamiza pole pole mpaka akakaa.

Naandika haya nikiwa kwake, naondoka kesho kutwa. Ameniambia nisubiri, hajamaliza kusema.

Mjomba wako.